Dawa ya Shambani na Dawa ya Chupani

Kimiminika ambacho daktari wa meno hutumia kuosha mzizi wa jino lililooza hadi kwenye neva kinajulikana karibu katika kila nyumba ya Litein. Ni sodiamu haipokloraiti, kemikali ile ile iliyomo ndani ya chupa ya Jik inayokaa kando ya beseni la kufulia. Kliniki huipima kwa uangalifu, kuanzia asilimia 0.5 hadi karibu asilimia 6, kisha huiingiza kwa sindano nyembamba ndani ya mfereji ambao mara nyingi haufiki milimita moja kwa upana. Mgonjwa akiinusa harufu ile, swali huja lenyewe: kwani hakuna dawa ya asili?

Swali hilo lina sura ya kitabibu, ila mizizi yake iko kwingine. Katika mji kama Litein, uliozungukwa na mashamba ya chai ya Bureti katika kaunti ya Kericho, anayeuliza hivyo mara nyingi haulizi ni dawa ipi inayoua vijidudu wengi zaidi. Anauliza ni ipi anayoweza kuiamini mwilini mwake na mbele ya Mungu wake: ile iliyochipuka ardhini, au ile iliyochanganywa kiwandani. Mmea ni kazi ya Muumba, kemikali ni kazi ya binadamu. Zikiwekwa mezani namna hiyo, mcha Mungu gani atachagua ya pili?

Hoja hiyo haifai kuchekwa. Imebeba kumbukumbu ndefu, na ndani yake mna tahadhari ya haki. Taabu yake ni kwamba ikishushwa hadi ndani ya jino, haisimami.

Jino lina kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Uozo ukikifikia, kiini huvimba, hufa, kisha hugeuka makao ya bakteria. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini wakayaacha wazi. Kwa panya wa kawaida viini vilikufa na usaha ukajikusanya. Kwa panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja, mabaki ya chakula yalijaa kwenye matundu vile vile, lakini meno yalijijengea ukuta mpya na kupona. Tangu hapo mhalifu anajulikana. Kazi ya tiba ya mzizi ni kumtoa, kuziba njia aliyopitia, na kuliacha jino mahali pake badala ya kuling'oa.

Sasa, mhalifu huyo ni wa asili kabisa. Enterococcus faecalis, bakteria anayepatikana mara kwa mara katika meno yaliyowahi kutibiwa yakaanza kuuma tena, huishi katika utumbo wa binadamu na hakuletwa na maabara yoyote. Anaweza kukaa muda mrefu bila chakula, akajificha katika vijitundu vya dentini, akajifunika utando. Jino likioza, asili inafanya kazi yake kwa bidii. Anayeiingilia ni daktari.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliuona mtego huu zamani. Katika insha yake kuhusu asili, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, alisema kwamba watu huchanganya mambo mawili. Mara asili ni kila kilichopo na nguvu zote zinazokiendesha; mara ni yale tu yanayotokea bila mkono wa mtu. Tukishika la kwanza, hata Jik ni ya asili, kwa sababu hakuna kitu kinachoweza kutoka nje ya nguvu hizo. Tukishika la pili, basi kulima, kupika, kuezeka nyumba na kumtahiri mtoto ni kuiasi asili, na hakuna mwenyeji wa Bureti atakayekubali kuishi kwa sheria hiyo hata siku moja. Kwa vyovyote vile, asili peke yake haimwambii mtu atie nini katika jino.

Ukweli huo unaonekana hata kwenye mmea unaolisha mji wenyewe. Chai si mti wa Kericho. Ililetwa Kenya mwaka 1903 na kupandwa kwanza Limuru, na mashamba makubwa ya Kericho yalifunguliwa katikati ya miaka ya 1920 na kampuni za Brooke Bond na James Finlay. Mchai ukiachwa ukue upendavyo huwa mti wa mita kadhaa. Ile meza ya kijani inayomfika mchumaji kiunoni hutunzwa kwa kupogolewa kila baada ya miaka michache, hulishwa mbolea ya kiwandani, na mara nyingi hutokana na vipandikizi vya aina zilizochaguliwa na watafiti wa kituo cha Timbilil. Jani linalofikishwa katika kiwanda cha Litein limepitia mikono mingi ya watu. Hata hivyo hakuna anayeliita kemikali.

Chupa nayo ina ukoo wake. Haipokloraiti hutengenezwa kwa kupitisha umeme ndani ya maji ya chumvi, chumvi kama ile inayoanikwa juani Gongoni na Marereni katika pwani ya Kilifi, kisha klorini inayotoka ikachanganywa na sodiamu haidroksaidi. Wafaransa walikuwa wakiitumia kung'arishia nguo huko Javel, karibu na Paris, tangu mwishoni mwa karne ya 18. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mwanakemia Henry Dakin na daktari Alexis Carrel waliipunguza nguvu hadi asilimia 0.5 wakaoshea majeraha ya askari. Kutoka majerahani ilihamia menoni. Lakini la kushangaza zaidi liko ndani ya damu. Chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, zinapommeza bakteria, hutumia kimeng'enya maalumu kutengeneza asidi haipoklorasi kutokana na kloridi iliyomo mwilini, na kwa asidi hiyo humuua. Ndiyo asidi ile ile inayofanya sehemu kubwa ya mauaji ndani ya myeyusho wa daktari wa meno. Anayesema kwamba Mungu hangetumia klorini kupigana na vijidudu hajatazama damu yake mwenyewe.

Wakipsigis wa zamani hawakuwa na tabia ya kuiachia asili mambo yote. Kwa vizazi vingi vijana wao waliondolewa meno mawili ya mbele ya chini, na masikio yakatobolewa na kuvutwa. Akina mama nao walikuwa na elimu yao ya kutakasa chombo chembamba. Kibuyu cha kutilia maziwa, sotet, husuguliwa ndani kwa sosiot, ufito wa mtende uliochanuliwa ncha kama brashi, kisha hupakwa mkaa wa mti wa senetwet, ambao wataalamu wa mimea huuita Senna didymobotrya. Ndivyo ilivyo tiba ya mzizi wa jino: kwanza kukwangua kuta za ndani, kisha kupitisha kitu kitakachofika pale ambapo ufito haufiki. Mama aliyeruka hatua ya kwanza akitegemea mkaa peke yake aliharibu maziwa, na daktari anayetegemea dawa peke yake bila kukwangua huliharibu jino.

Kibuyu hicho kina somo lingine, na hili ni chungu. Mursik, maziwa ya kuchachusha yanayotoka humo, ni fahari ya Wakalenjin, kinywaji cha harusi na cha kuwapokea wanariadha uwanja wa ndege. Ukanda huo huo wa Bomet na Kericho ni miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa sana na saratani ya umio duniani, na Hospitali ya Tenwek imewahudumia wagonjwa wake kwa miongo mingi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya sampuli za mursik na kukuta kwamba baadhi zilikuwa na pombe pamoja na asetaldihaidi kwa viwango vinavyoweza kudhuru chembe za mwili. Hawakusema kwamba mursik ndiyo chanzo. Walisema inaweza kuwa moja ya sababu, na sampuli zao zilikuwa chache. Hata hivyo, hakuna kiwanda kilichotia asetaldihaidi mle. Ni hamira za asili zilizoitengeneza, gizani, ndani ya kibuyu safi.

Maandiko je? Wengi wanaotetea mitishamba kanisani hutegemea wazo kwamba Mungu ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi na mwenye busara hazidharau. Wazo hilo limo katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, na kuna kichekesho kidogo hapo: kitabu hicho kimo katika Biblia ya Wakatoliki, wala hakimo katika Biblia inayosomwa na waumini wa AIC, kanisa lenye mizizi mirefu Litein. Tena sura hiyo hiyo inaanza kwa kuagiza daktari aheshimiwe, na inamtaja mtengeneza dawa anayechanganya. Kuchanganya si dhambi ndani yake. Walio na vitabu 66 peke yake wanaye Isaya, aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Nabii alikuwa na neno la Mungu kinywani, na bado alituma watu wakalete tini. Hakuona ushindani kati ya muujiza na ubandiko.

Kwa Waislamu, Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaonyesha Mtume akiuthamini mswaki kiasi cha kukaribia kuufanya faradhi kwa kila sala. Mti unaotajwa sana, Salvadora persica, huuzwa kwa vijiti Mombasa, Lamu na Unguja, na maabara zimekuta ndani yake kemikali inayoua bakteria wa kinywani, benzili isothayosayaneti. Jina hilo lingemtia hofu mtu kama lingeandikwa kwenye chupa. Ndani ya kijiti halimtishi yeyote.

Lakini andiko linalosahaulika zaidi katika mjadala huu ni lile la Mwanzo sura ya 3, ambapo ardhi yenyewe inaingia katika laana na kuzaa miiba na michongoma. Mkristo anayeliamini andiko hilo hana ruhusa ya kuidhania ardhi kuwa duka la dawa lisilo na sumu. Mtunguja, ambao Wakipsigis huuita labotwet, umetumiwa na jamii nyingi za Afrika Mashariki kutuliza maumivu ya jino. Matunda yake ya manjano yana alkaloidi zinazoweza kumdhuru mtu vibaya. Vyote viwili, nafuu na sumu, vinatoka katika kichaka kimoja, na asiyekijua kipimo atakutana na vyote viwili.

Huko Tenwek, upande wa Bomet, kauli mbiu ya hospitali husema kwamba wao wanatibu na Yesu anaponya. Kauli hiyo hunukuliwa mara nyingi bila kufikiriwa. Ikichukuliwa kwa uzito, inaondoa kabisa ushindani kati ya dawa ya Mungu na dawa ya mtu. Kama uponyaji wote ni wa Mungu, basi haipokloraiti haimpunguzii utukufu, na majani ya chai hayamwongezei. Linalobaki mikononi mwa mwanadamu ni kutibu, na kutibu ni kazi inayoweza kufanywa vizuri au vibaya, kwa ukweli au kwa uongo.

Ikiwa mambo ni rahisi hivyo, mbona shaka haiishi? Jibu moja ni historia, na watu wa afya wangefanya vyema kuisoma. Hospitali ya AIC Litein ilianza kama zahanati ya wamisheni wa Africa Inland Mission mwaka 1924. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kupiga marufuku uchawi, sheria iliyoandikwa kwa mapana kiasi kwamba mganga wa haki angeweza kunaswa pamoja na mlaghai. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha Walaiboni, na mamia ya watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa mambo ya ibada na utabiri miongoni mwa Wakipsigis, waling'olewa Kericho wakatupwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Katika miaka hiyo hiyo ardhi nzuri iliingia katika mashamba ya chai ya wageni. Chupa ya dawa, Biblia, karani wa kodi na mpima ardhi walifika karibu kwa pamoja. Mjukuu anayeitazama chupa kwa jicho la pembeni na kumwamini zaidi chepkerichot, mama mjuzi wa mitishamba, hana ujinga wa kemia peke yake. Ana kumbukumbu ya nani alinyang'anywa haki ya kujua.

Kumbukumbu hiyo inastahili heshima. Haiwezi, hata hivyo, kuua bakteria.

Shaka nyingine imetoka mbali zaidi. Wanaohubiri kwamba tiba ya mzizi wa jino ni sumu mwilini humrudia Weston Price, daktari wa meno wa Cleveland, Marekani, ambaye mwaka 1923 alichapisha vitabu viwili vinene akidai kwamba meno yenye mizizi iliyotibiwa husambaza magonjwa mwili mzima. Price huyu alifika Afrika Mashariki mwaka 1935, akapima meno ya Wamaasai, Wakikuyu, Waluo na wengine, na katika kitabu cha mwaka 1939 akawasifu kwa meno yenye afya yaliyotokana na vyakula vyao vya kienyeji. Kuhusu chakula alikuwa na jambo la kusikilizwa: sukari na unga mweupe vimeyaharibu meno ya Kenya kama alivyohofia. Kuhusu mizizi ya jino, majaribio yake hayakuwa na udhibiti wa kutosha, na fani ya meno hatimaye iliyaacha madai hayo, baada ya maelfu ya watu kung'olewa meno bila faida. Ajabu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa sahihi kuhusu ugali na kukosea kuhusu neva.

Afrika Mashariki ina kisa chake kikubwa zaidi cha dawa iliyosemekana kutoka kwa Mungu moja kwa moja. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile alisema ameonyeshwa ndotoni mti wa kuponya maradhi sugu. Aliuchemsha mugariga akautoa kwa kikombe kimoja, shilingi 500 za Tanzania, na foleni ya magari ikafika kilomita nyingi, yakiwamo kutoka Kenya. Bei ile ilikuwa ya mtu mwaminifu. Hakuna tapeli anayeuza muujiza kwa nauli ya daladala. Lakini uaminifu wa mganga si ushahidi wa dawa. Wapo wenye virusi vya Ukimwi walioacha vidonge vyao baada ya kunywa kikombe, na wakuu wa afya wakalazimika kuonya. Mwasapile alifariki mwaka 2021. Mti wake ungali unaota porini, na uwezo wake wa kutibu maradhi yale haujathibitishwa.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba mitishamba imeshindwa kesi. Haijashindwa, ila haijafika mwisho wa kesi. Mwaka 2010, katika jarida la Journal of Endodontics, watafiti wa India wakiongozwa na Prabhakar walichapisha jaribio ambalo lingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila kituo cha kukusanyia majani chai. Walichukua meno yaliyong'olewa, wakaotesha juu yake utando wa Enterococcus faecalis wa wiki tatu na wa wiki sita, kisha wakalinganisha haipokloraiti ya asilimia 5, polifenoli za chai ya kijani, Triphala ya Kihindi inayotokana na matunda matatu yaliyokaushwa, na mchanganyiko mmoja wa kisasa wenye kiuavijasumu. Dawa zote zilionyesha nguvu. Haipokloraiti iliufagia utando wa wiki tatu na hata ule mkongwe wa wiki sita. Triphala iliumaliza ule wa wiki tatu tu. Chai ilijitetea vizuri, ila haikuongoza.

Nguvu hiyo ya chai inatoka katika katekini, aina ya polifenoli iliyojaa kwenye majani mawili na chipukizi ambavyo wachumaji wa Litein huchuma kila siku. Ila chai nyingi ya Kenya hupondwa na kuachwa ipate hewa mpaka iwe nyeusi, na njiani katekini nyingi hugeuka kuwa kitu kingine. Kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko viwili vya sukari hakisafishi mzizi wa jino lolote, bali kinawalisha bakteria waliomo. Kericho pia ndiyo nyumba ya chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na ikasifiwa kwa wingi wa anthosayanini. Kama kuna mahali duniani panapostahili kuuliza jani la chai linaweza kufanya nini ndani ya jino, ni hapa, na ni jambo la kusikitisha kwamba swali hilo liliulizwa kwanza na wengine.

Mwarobaini, mshubiri, gundi ya nyuki, mswaki na noni vyote vimepitishwa maabara kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2008 kundi la Florida liliripoti kwamba juisi ya noni, ikifuatwa na kemikali iitwayo EDTA, iliondoa uchafu wa kuta za mzizi karibu sawa na haipokloraiti ikifuatwa na EDTA. Anayetangaza ushindi wa tunda hilo huwa anaisahau EDTA, ambayo haichumwi mtini. Hata polifenoli na Triphala za Wahindi ziliyeyushwa kwa dimethili salfoksaidi. Usafi wa asili, hata ndani ya majaribio yanayoutetea, ni mgumu kupatikana.

Kuna mambo mawili hasa yanayoifanya haipokloraiti ikae kitini pake. Inaua, na pia inayeyusha mabaki ya kiini kilichokufa katika vichochoro ambavyo hakuna ufito wa chuma utakaofika. Dawa nyingi za mimea zinaua bila kuyeyusha. Hata klorheksidini, kemikali ya kiwandani isiyo na aibu, imekwama hapo hapo. Jambo la pili ni kipimo. Jani la Kapkatet si sawa na la Mogogosiek, la masika si sawa na la kiangazi, na daktari anahitaji kujua ametia nini na kwa nguvu gani. Mkulima anaijua hoja hii vizuri kuliko profesa, kwa sababu kiwanda humkatalia majani yake kwa sababu hiyo hiyo.

Na hapa waumini wa asili wanaweza kupata faraja wasiyoitarajia. Mzizi ukishasafishwa, hujazwa gutapacha, utomvu mgumu wa mti wa Malaya, Palaquium gutta, ulioingia katika tiba hii karne ya 19 na haujapata mrithi aliyeushinda kabisa. Gundi inayoushikilia mara nyingi huchanganywa kwa zinki oksaidi na yujenoli, na yujenoli ndiyo roho ya karafuu. Karafuu za Unguja na Pemba, zilizosambazwa kwa amri ya Seyyid Said katika karne ya 19, zimekuwa zikituliza meno muda mrefu kabla ya kliniki kufunguliwa. Pemba hata makonyo yake hukamuliwa mafuta. Dawa hizo za mimea hazikuingia kwa sababu ni za asili. Ziliingia kwa sababu zilijaribiwa, zikapimwa, na mipaka yake ikajulikana: yujenoli ikizidi nayo huunguza nyama ya kinywa.

Chupa nayo haistahili kuabudiwa. Haipokloraiti ikisukumwa kwa nguvu ikapita ncha ya mzizi, uso huvimba papo hapo kwa maumivu makali, na damu husambaa chini ya ngozi. Ajali hizo zimeandikwa katika majarida ya tiba kwa miaka mingi, na nyingi zinazuilika kwa sindano yenye tundu la pembeni, kusukuma polepole, na kipande chembamba cha mpira kinachotandazwa kuzunguka jino ili kimiminika kisishuke kooni. Anayeogopa kemikali ana sababu. Ila anachopaswa kuogopa hasa ni haraka ya mkono ulioishika.

Tukirudi kwa wengi wa Litein, mshindani wa kweli wa dawa ya mzizi si mwarobaini. Ni koleo. Kung'oa ni rahisi kuliko kutibu, huisha kwa kikao kimoja, na familia yenye karo ya kulipa haina muda wa kujadili Mill. Jino ambalo lingeweza kukaa miaka 20 zaidi huishia kwenye ndoo. Kwa anayeamini kwamba mwili ni amana, hapo ndipo dhamiri ingepaswa kusumbuka, kuliko juu ya asili ya kimiminika. Mahubiri yanayomtisha muumini dhidi ya kemikali humsukuma kwenye koleo bila kumfikisha kwenye mti wowote.

Watafiti wa Timbilil na walimu wa meno wa Chuo Kikuu cha Nairobi wana malighafi, maabara na wagonjwa. Jaribio la chai ya Kericho katika meno ya watu walio hai, lenye kipimo na ulinganisho wa haki, liko ndani ya uwezo wao. Kabla halijafanywa, haipokloraiti ndiyo dawa ya kuoshea mzizi wa jino, na mgonjwa ana haki ya kuomba kile kipande cha mpira kabla sindano haijaingia. Aliyekwisha kutia karafuu, tumbaku au maji ya labotwet katika jino lake kabla ya kufika kliniki, amwambie daktari bila haya. Daktari naye asimcheke, amuulize alitia kiasi gani na lini.